Sala ya Jicho Moja

Nakiri mbele ya wote kwamba sikufumba macho wakati wa sala, na sitatubu.

Nilikuja Mesquite, huku ng'ambo, kwa likizo ya Agosti, kutoka shule ya bweni kule Meru, kukaa na Mjomba Elphas, muuguzi. Kila mwaka wanaume wa kanisa lake husafiri mwendo wa saa tatu kwa gari hadi mto wenye samaki aina ya trauti. Wanaume huvua, wanawake hukaanga. Mimi niliomba ufito wa kuvulia.

"Kanana, ufito ni wa wanaume."

"Samaki ndio wamesema, Mjomba?"

Akacheka, kisha akafanya kosa la kuniwekea sharti. Akaniazima ufito wake wa akiba: nikipata trauti mmoja kabla ya chai, ni wangu. Nikikosa, nitakaanga kila safari na nisiutaje tena.

Chambo nilikitengeneza mwenyewe: nzi wa bandia, kwa ndoana ndogo, uzi wa kushonea, na nywele tatu za wigi la Anti Theodora, mkewe. Wigi halikulalamika.

Asubuhi, jua lilipogusa maji, vidudu vyenye mbawa vikafumuka mtoni kama kumbikumbi baada ya mvua. Trauti wakaibuka kuvinyakua. Karamu hiyo haidumu hata nusu saa. Mzee Sospeter, kiongozi wa maombi, naye aliiona, akavua kofia.

"Ndugu zangu, kabla ya yote, tuombe."

Mzee Sospeter huanza na uumbaji wa dunia na haruki kitabu. Wanaume kumi wakafumba macho. Lakini bwenini, ukifumba macho yote wakati wa kuombea chakula, utayafungua nyama imehama sahani. Mimi nina miaka mitatu ya kusali kwa jicho moja.

Nikarudi kinyumenyume hadi majini. Sala ilipofika kwenye safina ya Nuhu nikarusha mshipi, nikakosa. Musa alipokuwa akivuka bahari, trauti akameza nywele za Anti.

"Amina!" nikapaza sauti.

"Amina!" wakaitikia wote, wakafungua macho. Mto ulikuwa umetulia. Vidudu vimekwisha.

"Umevua katikati ya maombi?" Mjomba akauliza.

"Nyinyi mlikuwa mnashukuru, Mjomba. Mimi nilikuwa napokea."

"Sala haikuwa imeisha!" Mzee Sospeter akalalamika.

"Lakini mmeitikia, Mzee."

Mjomba alitazama samaki, akatazama chai ambayo bado haijamiminwa. Sikumwachia ufito. Nilimwachia trauti.

"Kikaango kiko kwa Anti," nikamwambia.