Ndege Aliyoikataa Bashiri

Bashiri alikuwa na lori la kubeba mahindi na ulezi kutoka Sumbawanga hadi Mbeya, na mara mojamoja alifika nalo Dar es Salaam. Ukimuuliza Dar ni mbali kiasi gani, alikutajia matope ya Laela, milima ya Mbeya, na nyumba anayolala Iringa.

Idi ilipokaribia, binti yake Sophia alikuwa akipaka chokaa ukuta wa duka lao pale mtaa wa Mazwi, Sumbawanga. Debe likateleza kwenye ngazi, chokaa yote ikammwagikia machoni. Mama yake, Kulsumu, alimwosha kwa maji mengi, wakamkimbiza hospitali. Daktari alimpima, akawaita wazazi pembeni.

"Macho yameungua vibaya. Yuko mtaalamu Dar es Salaam, lakini ni lazima afike upesi."

Asubuhi ile ndege ndogo ya serikali ilikuwa imetua kwenye kiwanja cha nyasi nje ya mji. Rubani, Mwingereza kijana, alikubali kuwachukua mtoto na mama yake.

"Tutatua Mbeya kutia mafuta," alisema. "Jioni mtakuwa Dar es Salaam."

Bashiri alimwangalia mkewe. "Jioni hii hii? Mimi nakwenda juma zima, tena kiangazi! Huyu ananiona mtoto."

"Baba Sophia, ndege si lori. Niache niende naye."

"Ikianguka porini, nani atawaokota? Nitampeleka mwenyewe."

Ndege ikaruka bila wao.

Ilikuwa masika. Kabla ya Laela lori lilizama hadi kwenye ekseli, wakalala hapo mpaka mkulima mmoja, Adriano, alipoleta ng'ombe wake kuwavuta. Mbele zaidi daraja lilikuwa limechukuliwa na maji. Sophia, kitambaa machoni, kila mara aliuliza wamefika wapi, na baba yake alimtajia kijiji ambacho bado hawajakifikia.

Walifika Dar es Salaam baada ya zaidi ya juma, na mtaalamu alimpima Sophia kwa muda mrefu.

"Mngewahi," alisema, "pengine jicho moja lingepona."

Kulsumu hakugombana na mumewe. Alipika, alifua, aliwapokea wageni. Ila tangu siku ile hakumwita tena Baba Sophia. Alimwita Bashiri, kama wateja wa dukani.

Miaka ikapita. Kaka yake Sophia, Hamis, alioa Dar es Salaam, naye akawatumia tiketi za ndege kutoka Mbeya. Alfajiri, huko Mbeya walikolala, Kulsumu alifunga maandazi na kuku wa kukaanga wa kuwatosha siku kadhaa, kama alivyozoea kwa safari za lori. Bashiri alikaa karibu na Sophia, akilitazama dirisha. Maandazi yalikuwa bado ya moto mapajani mwa Kulsumu ndege ilipoanza kushuka.

"Kuna nini?" Sophia aliuliza. "Imeharibika?"

"Hapana, mwanangu. Tumefika."

Ndege ikatua, ikasimama. Abiria waliinuka, wakachukua mizigo yao.

"Dar es Salaam?"

"Ndiyo."

"Kumbe ni karibu hivi," alisema polepole.

Kulsumu aliugeuza uso wake upande mwingine. Bashiri alipoinuka alijikwaa, akashika kiti. Sophia alisikia pumzi zake, akapapasa mpaka akaupata mkono wake.

"Twende taratibu, Baba," alisema. "Usije ukaanguka."

Wakashuka ngazi hivyo, yeye akimtegemeza baba yake, na Kulsumu nyuma yao amebeba chakula ambacho hakikuliwa.