Tano Yenye Mshangao

Benchi la kliniki ya macho lilitosha watu watano, na kila mlango wa daktari ulipofungwa, liliwapanga upya. Halikumuumiza mtu. Uliinuliwa kidogo, ukawekwa nafasi nyingine pamoja na mkoba wako, ukaendelea na mazungumzo pale pale ulipoishia. Kero yake ilikuwa moja: dereva wa lori aliyependa kusinzia aliamka kila mara begani mwa mtu mwingine, ikabidi aombe radhi upya.

Mwalimu wa hesabu alimleta mama yake kila siku ya kliniki. Jicho la kulia la mama lilikuwa limeshafunga kazi, na la kushoto lilikuwa likiaga. Nesi alisema likiwahiwa litapona. Mwalimu alisimama ukutani, maana benchi ni la wagonjwa, akapiga hesabu.

"Nafasi ya kwanza anaweza kukaa yeyote kati yenu watano," aliwaeleza. "Akishakaa, ya pili inagombewa na wanne. Ya tatu, watatu. Ya nne, wawili. Wa mwisho hana cha kuchagua. Tano mara nne mara tatu mara mbili mara moja: njia mia moja na ishirini. Hiyo ndiyo faktoria ya tano. Huandikwa tano, halafu alama ya mshangao."

"Inashangaa nini?" aliuliza fundi cherehani.

"Wingi wa njia."

"Haijawahi kukaa hapa," alisema dereva, akalala tena.

Mwalimu alifurahi, tuseme ukweli. Benchi halikurudia mpangilio hata mmoja, kwa hiyo kila mgonjwa angekaa wa kwanza mara ishirini na nne. Haki gani tena waitafute?

"Mama, zamu yako ipo," alisema. "Hesabu haina ndugu."

Mama alipokaa wa kwanza, nesi alifungua mlango, akamruka kwa macho, akamwita bwana mmoja aliyekuwa ndiyo kwanza anashuka garini, funguo zikizunguka kidoleni. Alikuwa shemeji wa mganga mkuu. Mlango ukafungwa, benchi likawapanga upya. Fundi alipokaa wa kwanza, aliingia jirani wa mganga mkuu, aliyefuata miwani ya urembo.

"Mwenye nguvu mpishe," alisema mzee mwenye mkongojo, ambaye alikuwa ameshalisema hilo kutoka kila nafasi.

Mwalimu alimfuata nesi. "Dada, na foleni je?"

"Foleni ipo, mwalimu. Si unaiona inavyotembea?"

Wiki zikapita. Benchi likamaliza njia zote, likalia kama mtu anayetua mzigo, likaanza tena ile ya kwanza. Jicho la kushoto la mama lilikuwa limezima wiki moja kabla. Mwalimu alikwenda kulia msalani, akanawa uso, akarudi ukutani.

"Na watu sifuri je?" aliuliza fundi. "Wale wasiokaa kabisa kwenye benchi. Wana njia ngapi?"

"Moja," alisema mwalimu. "Faktoria ya sifuri ni moja. Wanafunzi wangu huwa hawakubali."

"Walete hapa," alisema fundi.

Mlango ukafungwa. Benchi likawainua, likawaweka. Mama alipapasa ubao upande wake mmoja, akakuta hakuna mtu.

"Nipo wa ngapi, mwanangu?"

"Wa kwanza, mama."

"Haya," alisema mama. Alisikia funguo zikilia kwa nje, akakunja miguu ili mgeni apite.