Shamba la Winfrida

"Kama miguu imekufa, sanda iko wapi?" Winfrida alimuuliza mdogo wake, Eustakio.

"Dada, usinichezee. Jana ulianguka mara tatu kabla ya kufika mpakani mwa shamba. Nimehesabu."

"Mara nne. Ya mwisho ulikuwa umegeuka kukohoa."

Ilikuwa Oktoba 2003, Chinongwe, korosho zimeanza kuanguka. Winfrida alikuwa na miaka hamsini na mbili. Ganzi ilimwanza vidoleni akiwa na thelathini, ikapanda mpaka magotini, na sasa nyayo ziliburuta kama malapa makubwa. Daktari wa Nachingwea alisema ni mishipa ya fahamu, ugonjwa wa kurithi, hauna dawa. Avae buti ngumu. Alinunua buti.

Hisia zilizotoka miguuni hazikupotea. Zilihamia shambani. Kila korosho iliyoanguka kwenye ekari zake tatu, Winfrida aliisikia kwenye unyayo, kama mtu anayembishia kwa kidole. Hakuna aliyeshangaa. Marehemu baba yao alisikia fuko wakitafuna mihogo yake. Shangazi yao Lusiana, ufuta wake ukipasuka, aliwashwa nyayo siku nzima.

Lakini katika ukoo huo, aliyeanguka mara tatu kabla ya kufika mpakani alikabidhi shamba kwa ndugu mwenye miguu. Ndiyo maana Eustakio alikuwa na shamba la baba na la shangazi.

"Baba alikabidhi bila kelele," alisema.

"Baba alikuwa mpole. Mimi si mpole." Winfrida akatazama buti zake. "Zimeanguka mbili, mkorosho wa karibu na kichuguu. Kuna mtu anaziokota. Anakanyagia kisigino cha kushoto."

"Huyo Severini wangu. Nimemwambia aanze, mvua isije ikatukuta."

"Kabla hatujamaliza kuongea?"

"Tungemaliza tu, dada."

Doreen, binti wa Winfrida, aliyekuwa akimenya mihogo pembeni, aliacha kisu. Mwaka ule naye alikuwa ameanza kujikwaa mahali pasipo na jiwe.

Winfrida alimtazama binti yake, akachukua mchi wa kinu, akasimama.

"Doreen, fungua kitanda changu vipande. Nifuate nacho."

"Mama, unakwenda wapi?"

"Kuhamia."

Njia ile mwenye miguu hutembea nusu saa. Yeye alitumia saa mbili. Alianguka mara kumi na moja, na kila mara alihesabu kwa sauti ili Eustakio, aliyemfuata nyuma, asipate taabu. Aliuvuka mpaka akiwa na vumbi mpaka kwenye nyusi.

"Shikamoo, shangazi," alisema Severini, kiroba begani.

"Marahaba. Mwaga chini hizo."

Severini alimtazama baba yake, kisha akamwaga.

"Mila haijabadilika," alisema Eustakio.

"Sijasema imebadilika. Nimesema nahamia. Nikilala humu, sina mpaka wa kufikia."

Mashamba yale mawili yalibaki ya Eustakio. Shangazi Lusiana naye alibaki barazani kwake, akijikuna nyayo kila ufuta ulipopasuka, na hakuna aliyempelekea hata kisonzo kimoja cha ufuta.

Doreen alifika na kitanda kichwani, akakiunga chini ya mkorosho mkubwa kuliko yote. Winfrida akavua buti, akaketi katikati ya kitanda.

"Anza kule kwenye kichuguu," alimwambia. "Ziko sita."