Nilivyompa Doto Mgongo

Usiku wa kuamkia leo niliota nimo kwenye maabara ya shule yetu, sare nimevaa vizuri, ila miguuni nina sufuria. Hilo halikunishangaza. Kilichonishangaza ni dira iliyokuwa mezani, maana ilikohoa.

"Shikamoo," nikasema. Mama alitulea kwa adabu.

"Marahaba. Wewe ndiye Kulwa?"

"Ndiye mimi."

"Pacha wako anaondoka. Mkamate kabla umeme haujaongezwa."

Nageuka, maabara haipo. Nimesimama ndani ya koili ya sumaku ya umeme. Waya mnene kama shina la mgomba umejizungusha juu, chini na pembeni mpaka umekuwa handaki, nao unanguruma. Misumari, vijiko na baiskeli nzima vinapita hewani kimya kimya, vinaingia kwenye giza kule mwisho. Hakuna kinachorudi.

Doto amesimama karibu na lile giza, kandambili mkononi.

"Kulwa, njoo bwana! Naogopa!"

Napiga hatua moja kumfuata. Anateleza kinyumenyume. Napiga nyingine, anateleza zaidi, visigino vinakwaruza chini.

"We! Mbona unanisukuma?"

"Nimekugusa mimi?"

"Hujanigusa, ila acha!"

Dira, ambayo sasa imo mfukoni mwangu, inasema kwa sauti ya karani aliyechoka, "Mmezaliwa pamoja, sura moja, ncha moja. Ncha zinazofanana husukumana. Ungeyajua haya kama usingekuwa unachorea picha za kitabuni masharubu."

"Sasa nifanyeje, mzee wangu?"

"Ncha yako ya pili iko mgongoni. Mpe hiyo."

Tangu tukiwa wadogo mama ananiambia jambo moja tu: mdogo wako usimtoe machoni. Nilitangulia kutoka tumboni, kwa hiyo kumchunga ni kazi yangu.

Namtoa machoni. Nampa mgongo, naanza kurudi kinyumenyume, sufuria zikilia ko, ko, ko. Ngurumo inaongezeka. Kandambili moja inanipita sikioni. Najua mpira hauvutwi na sumaku, ila huyo wa kumlalamikia yuko wapi?

"Doto, bado upo?"

Narudi hatua nyingine, ko.

"Doto, jibu basi, usinitanie."

Mara kitu cha baridi kinanigonga mgongoni, kinanasa pwa! Kinapumua. Siwezi kugeuka kukiona.

Nikashtuka, nikaamka. Kumekucha. Ni Doto, kajibana mgongoni kwangu kitandani, anakoroma, miguu yake ya baridi kaibandika kwenye yangu. Nikacheka peke yangu kama mwehu, kisha nikajigeuza nimtazame.

Hakuamka. Ila aliteleza, polepole, kama anayevutwa na shuka, visigino vikikwaruza godoro, mpaka akagota ukutani.

Nikampa mgongo upesi, macho mlangoni, pumzi nimeibana.

Godoro likabonyea nyuma yangu. Karudi.