Wiki ya Kuachishwa Ziwa

Wulfrun alipewa habari Jumatatu asubuhi, mtoto akiwa mapajani mwake. Bwana Turold alikuwa amerudi juzi kutoka kwao Normandi, ng'ambo ya bahari, baada ya miezi kumi na minne. Alipomwita mwanawe, mtoto alimjibu kwa Kiingereza kitupu, lugha ya watumishi. Mara ya kwanza Bwana alicheka. Mara ya pili hakucheka.

"Jumapili urudi kijijini kwenu," msimamizi alimwambia. "Mtoto ana miaka miwili na nusu, ziwa la nini tena? Analetewa yaya wa lugha yao."

Mtoto huyo, Joscelin, hakuwa wa tumbo lake. Wa tumbo lake alimzika wiki ileile aliyoletewa huyu, maziwa bado yakimtiririka. Wanormani hakuwapenda, walilichoma ghala la baba yake yeye akiwa msichana mdogo. Lakini mdomo wenye njaa haukuuliza kabila la ziwa, na yeye hakuuliza kabila la mdomo.

Kwao, mama anayeachisha hujipaka pakanga kwenye chuchu, mtoto aonje uchungu, akatae mwenyewe. Jumanne Wulfrun akalitwanga pakanga, akajipaka. Joscelin alionja, akatema, akamtazama. Kisha akalifuta ziwa taratibu kwa kiganja chake.

"Pole," akaliambia. "Linaumwa."

Wulfrun aligeuka ukutani kidogo, kisha akajipaka tena.

Alhamisi mtoto alihamishiwa juu, chumbani kwa mama yake, aanze kuzoea. Sauti ya kilio chake ilifika mpaka jikoni. Baada ya muda mrefu mlango ukafunguka, akaingia mama wa mtoto, Bibi Hawise mwenyewe, ambaye tangu aolewe alikuwa hajawahi kukanyaga jikoni. Alikuwa binti wa miaka ishirini tu. Kilemba kilikuwa kimemlegea, na mtoto alikuwa mkononi, uso umemvimba kwa kulia.

"Anasema nini?" aliuliza kwa Kinormani, ambacho Wulfrun alikiokota kidogo kidogo katika kuamrishwa. "Anarudia jambo moja tu. Nimempa farasi wa mti. Nimempa asali. Anasema nini?"

"Anasema sikio linamuuma, Bibi."

Hawise akaketi palepale juu ya gunia la unga.

"Tangu asubuhi ananiambia," alisema. "Tangu asubuhi, na mimi nampa asali."

Wulfrun alipasha kitunguu majivuni, akakikamua katika kitambaa, akadondosha matone mawili sikioni. Mtoto akatulia. Bibi Hawise hakuondoka.

"Nifundishe," alisema. "Maneno anayoyajua yeye. Kabla ya Jumapili."

"Nina unga wa kukanda, Bibi. Nitakuja nikimaliza."

Bibi alipotoka tu, mpishi Aldith aliweka mwiko chini.

"Shoga, usije ukathubutu! Wewe nyamaza tu. Huyo mtoto akilia siku mbili zaidi, Jumamosi Bwana mwenyewe atakupigia magoti ubaki. Ukimfundisha mama yake, umejifungia mlango kwa mkono wako."

"Najua."

"Unajua, halafu?"

Wulfrun aliendelea kukanda. Aldith alisema kweli, naye alilipima neno hilo upande huu na upande ule, bila haraka. Siku mbili si nyingi. Lakini siku mbili hizo mtoto atasema linalomuuma, na hakuna atakayemsikia. Akafunika unga kwa kitambaa, akanawa mikono, akapanda ngazi.

Alianza na yanayouma: sikio, tumbo, jino. Halafu njaa, kiu, baridi. Halafu naogopa. Bibi Hawise aliyarudia, ulimi ukimkwama, na kila alipokosea Joscelin aliangua kicheko.

"Mwambie asinicheke," alisema Hawise, naye mwenyewe akicheka.

"Mwambie wewe, Bibi. Sisi tunasema hivi."

Jumamosi jioni Hawise alimshika mkono. "Nimemwomba Bwana, mara mbili. Anasema ukibaki, mwanawe hatamjua kamwe."

Wulfrun alilifikiria hilo pia. Mwana asiyeweza kuzungumza na baba yake ana upungufu wake, hata kama baba ni yule.

"Basi sawa, Bibi," alisema. "Usiku akilalia ubavu wa kulia, mgeuze, sikio linalomuuma ni la upande huo."

Jumapili baada ya misa alifunga furushi lake. Aldith alimwekea jibini na nusu mkate.

"Mjinga wewe," alimwambia, akimkumbatia kwa nguvu. "Mjinga mkubwa."

Alikuwa amefika langoni aliposikia mtoto akianguka nyuma yake kwenye mawe ya ua, kisha kimya kile kifupi, kisha kilio. Miguu yake ilisimama yenyewe. Maziwa yalimtoka, yakalowanisha kanzu.

Hakugeuka. Alisikia viatu vya mtu vikikimbia, kisha sauti ya Bibi Hawise, kwa Kiingereza kilichovunjika-vunjika: "Njoo, kuku wangu mdogo. Nionyeshe goti. Mama yuko hapa."

Hayo Wulfrun hakumfundisha. Alikuwa ameyaunga mwenyewe.

Kilio kikashuka, kikawa kwikwi. Mtoto alianza kueleza, kwa kirefu, jiwe lilivyomfanya, na mama yake akiitikia, ehe, ehe, ehe.

Wulfrun alilibana furushi kifuani palipolowa, akashika njia ya kijijini.