Radi Mbele ya Kikao cha Makelele

Radi alikuwa akisema, tena bila kuulizwa, kwamba hakuna bomba la pikipiki lililopita mikononi mwake ambalo yeye mwenyewe angeogopa kulala nalo chumba kimoja.

"Ninachomuuzia mtu ndicho ninachopanda," alisema, huku akiligonga tangi la pikipiki yake kama mtu anayemsifia ng'ombe wake mnadani. "Mimi naingia nayo mpaka mlangoni. Mtoto wangu akiisikia anajua baba amefika, anageuka upande wa pili, anaendelea na ndoto zake."

Mafundi wenzake waliitikia kwa vichwa. Na jioni ile ile, baba mwenye mtoto huyo jasiri alizima injini alipofika kwenye kona ya kinyozi, akashuka, akaishika pikipiki pembe zake, akaanza kuisukuma kuelekea kwake, taratibu, kwa adabu zote, utadhani anamrudisha mbuzi wa jirani aliyekula mboga.

Kwanza tumjue kwa kazi yake. Radi lilikuwa jina la karakanani, la nyumbani hata mkewe alishaanza kulisahau. Alikuwa fundi wa ekzosi. Si wa kuziba matundu. Hiyo aliita kazi ya wagonjwa. Yeye alizipa pikipiki sauti. Unamletea pikipiki inayokohoa kwa heshima kama mgeni ukumbini, yeye anaifungua ekzosi, anaipasua tumbo kwa grainda, anatoa vile vibati na ile sufi iliyowekwa kiwandani kumeza kelele, halafu anachomelea bomba tupu lililonyooka. Kupima, hakuwa na chombo. Alikuwa na kikombe cha bati. Alikiweka katikati ya meza, akamwambia mwenye pikipiki avute mafuta. Kikombe kikitetemeka, kazi bado. Kikitembea mpaka ukingoni kikaanguka chini, basi, kazi imekwisha, mteja anaondoka akicheka peke yake na mtaa mzima unajua kaondoka.

Sasa kwa nini fundi wa namna hiyo asukume?

Mtoto alipozaliwa, mama mkwe alikuja kumuuguza binti yake. Alikuwa mama mpole, mnene kidogo, mwenye sauti ya chini ambayo humlazimu mtu kusogea ili asikie, na akishasogea amekwisha. Siku ya kwanza tangu mama huyo afike, Radi alirudi nyumbani kwa mbwembwe zake zote, akavuta mafuta mara mbili zaidi mbele ya mlango kumkaribisha mgeni. Mtoto aliamka, akalia mpaka sauti ikamkauka. Mke alimtazama mumewe mtazamo ambao hauna haja ya maneno. Mama mkwe yeye alitoka haraka uani, na baada ya muda akarudi na nguo zote alizokuwa ameanika, nyingine bado zinachuruzika maji.

"Nilidhani mvua, baba," alisema, akakaa chini akaanza kuzikunja.

Laiti angemtukana. Kwa matusi Radi alikuwa na majibu ya akiba, ya kuanzia asubuhi mpaka kesho yake. Lakini utamjibu nini mtu anayekunja nepi mbichi za mwanao kwa sababu yako? Kuanzia kesho yake akawa anashuka kwenye kona.

Hakumwambia mtu. Nyumbani alinyamaza, na waliomwona njiani akawaambia plagi inasumbua. Kinyozi, ambaye kiti chake kinatazama barabara na kwa hiyo hakuna kinachompita, alianza hata kumwonea huruma. Alimuuliza siku moja, kwa upole kabisa, kama hakuna fundi wa kweli anayeweza kumsaidia. Radi aliimeza dharau hiyo. Afadhali kuonekana fundi asiyejiweza kuliko kuonekana fundi wa radi anayeogopa mvua. Nani angenunua kelele kwa mtu anayeikimbia?

Mambo yangeendelea hivyo mpaka mtoto aanze shule, lakini halmashauri ilileta rasimu ya sheria ndogo. Chombo chochote chenye ekzosi iliyokatwa kitakamatwa, na karakana iliyoikata itafungwa. Haikusemwa kuonywa wala kutozwa faini. Kufungwa. Wananchi wenye maoni wafike ukumbini Jumamosi asubuhi.

Karakanani habari ile ilitua kama nyundo mguuni. Wengine walikuwa na breki na klachi za kuwalisha, ila Radi alikuwa ameweka mayai yote kwenye bomba moja. Ikifungwa, anarudi kwa baba yake mdogo kuuza saruji, na baba yake mdogo alikuwa tayari amemwambia nafasi ipo na kicheko chake kipo. Wenzake walimchagua awasemee. Alikuwa na cheti cha kidato cha nne na shuleni alikuwa kinara wa mdahalo, upande wowote ule, mradi upande huo umpe nafasi ya kusema mwisho.

Ukumbi ulijaa mapema. Mwenyekiti alikuwa diwani, mama mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi shingoni, na jambo la kwanza aliloamuru ni kuzimwa kwa feni ya darini, kwa sababu ilikuwa inapiga kelele. Watu wakacheka. Joto likaingia, lakini angalau kikao kilikuwa kimeanza kwa mfano.

Wa kwanza kusema alikuwa mwalimu wa shule iliyo kando ya barabara kuu, mwanamke mkavu, aliyesimama wima kama chaki. Hakupayuka. Alieleza kwamba pikipiki zikipita hulazimika kunyamaza, na zinapita mfululizo, hivyo somo la historia limekuwa na mapengo. "Wanafunzi wangu wanajua vita vilianza," alisema. "Vilikwishaje, hawajui. Kila nikifika hapo, mtu anapita." Akasema hataki kumnyima mtu riziki, anataka tu kumaliza sentensi.

Akafuata askari wa barabarani, aliyesema sheria ipite kama ilivyo na vyombo vya kupimia havihitajiki. Yeye kwa sikio lake tu anajua ipi imezidi.

Hapo Radi akanyanyuka, akaenda mbele, akashika maikrofoni kama aliyezaliwa nayo.

"Mheshimiwa, sikio la askari silidharau," alisema. "Ila nimegundua husikia vizuri zaidi kuelekea mwisho wa mwezi."

Ukumbi uliangua kicheko, mafundi nyuma wakapiga viti. Radi akapata upepo. Akasema pikipiki isiyosikika ni nyoka kwenye majani, mtembea kwa miguu anaikanyaga kabla hajaiona. Akauliza mbona spika za baa hazina sheria, na ving'ora vya wakubwa wanaowahi chakula cha mchana, na majenereta ya maduka. Akasema maskini ndiye peke yake ambaye hata kelele yake inataka kibali. Hayo yalikuwa maneno yenye uzito, na hata mwalimu aliandika kitu.

Diwani akamuuliza, bila kejeli, yeye mwenyewe hupimaje. Radi hakuona mtego kwa sababu haukuwepo. Akaeleza habari ya kikombe cha bati. Safari hii kicheko kilitoka upande wa pili wa ukumbi, na kilidumu.

"Basi kati ya sikio la askari na kikombe cha fundi, tuna kazi," alisema diwani. Akaomba utulivu, akaweka pendekezo lake mezani. Halmashauri inunue kipima sauti. Kiwango kiandikwe, pamoja na umbali wa kupimia, ili kila mtu akijue. Pikipiki iliyozidi, mwenyewe aambiwe airudishie sailensa, yaani vile vibati na sufi yake, na kazi ya kuzirudishia wapewe mafundi hao hao waliozitoa. Karakana ifungwe pale tu itakapoonywa ikakaidi.

Lilikuwa pendekezo zuri. Mtu mwenye akili zake angesema ahsante akaketi, kwa maana aliyezitoa zile sufi zote ndiye angelipwa kuzirudisha, na hakuna aliyezijua zilipo kama Radi. Alilijua hilo pale pale. Lakini mdomo wa kinara wa mdahalo ni kama gari lisilo breki kwenye mteremko; dereva anaona ukuta, gari halioni. Akafikiria pia wenzake wa nyuma, watakavyosema amenunuliwa. Na makofi, msomaji, makofi ni pombe.

Akasema hapana. Akasema hakuna haja ya kiwango, kwa sababu sauti haimuumizi mtu; kinachomuumiza ni kutoizoea. Mji una sauti zake, na mtoto wa mji huzizoea.

Mwalimu akasimama bila kuomba ruhusa. Akasema, na safari hii sauti ilimtetemeka, kwamba mtu anayeweza kusema hivyo ama hana mtoto ama hana moyo.

Miguno ikatanda. Radi alisubiri itulie. Alijua thamani ya kusubiri.

"Mtoto ninaye, mwalimu. Mchanga, bado wa kubebwa," alisema. "Na pikipiki ninayo, ile iliyoegeshwa hapo nje, yenye bomba kubwa kuliko zote mjini. Kila jioni naingia nayo inaunguruma mpaka mlangoni. Hajashtuka hata siku moja. Kwake ile ni bembelezi. Asiyeamini aende akaulize nyumbani kwangu."

Makofi ya mafundi yalikuwa bado hayajaisha aliposikia nyuma yake mtu akiomba ruhusa ya kusema. Sauti ilikuwa ya chini. Watu wa viti vya mbele waligeuka na kuinamisha masikio. Radi hakuhitaji kugeuka; nywele za kisogoni zilikwisha kumwambia.

Kliniki ya watoto ilikuwa katika ua mmoja na ukumbi, na Jumamosi ni siku ya chanjo. Mke alikuwa bado kule anasubiri kadi. Mama mkwe, aliyetoka nje na mtoto ili apate hewa, alisikia kwenye spika sauti ya mkwewe akihutubia watu wakubwa, akaingia kwa fahari kusikiliza. Mafundi, vijana wenye adabu, walimpisha kiti. Sasa alikuwa amesimama, mtoto kalala mgongoni.

"Mheshimiwa, mimi sikuja kusema," alianza. "Na mtu kumsifu mkwewe hadharani si vizuri, najua, mtanisamehe. Huyu ni mume wa binti yangu. Nimesikia mwalimu akisema hana moyo, nikaona nikinyamaza nitakuwa nimemdhulumu."

Radi aligeuka. Alijaribu kumfanyia ishara kwa macho. Mama mkwe aliipokea ile ishara kama unyenyekevu, akatikisa kichwa kwa upendo.

"Mnamwona? Hapendi kusifiwa. Hata hayo aliyosema sasa hivi ni kuficha tu. Huyu kila jioni anazima pikipiki kule kwenye kona, kwa kinyozi, anaisukuma kwa mikono yake mpaka nyumbani, shati limelowa, ili mtoto asiamke. Hajawahi kutuambia. Watu anawaambia plagi mbovu. Mimi namwona dirishani, siku zote. Nimeishi miaka mingi, sijaona mwanamume anayeona aibu ya huruma yake kiasi hicho. Sasa mwalimu, mwanangu, huyo anakosaje moyo?"

Akaketi, akamweka mjukuu sawa mgongoni.

Mmoja wa mafundi alikohoa. Mwingine, aliyekuwa amekunja mikono tangu asubuhi, aliikunjua akawa hajui aiweke wapi. Askari wa barabarani alikuwa anatazama dari kwa bidii, mabega yakimcheza. Mwalimu alisimama tena, safari hii polepole, akasema anaomba radhi mbele ya wote, alikosea. Fundi moyo anao.

Diwani alivua miwani, ikaning'inia kwenye uzi wake. Hakucheka. Ingekuwa nafuu kama angecheka.

"Fundi," alisema, "tulikuwa tunatafuta umbali wa kupimia sauti, na hakuna mtaalamu aliyetupa. Kutoka hiyo kona mpaka mlangoni kwako, ni kiasi gani?"

Radi alifungua mdomo. Akikana, atakuwa amemwita mama mkwe mwongo mbele ya umati, na mtoto wake mwenyewe mgongoni mwa mama huyo. Akitaja, sheria itaandikwa kwa hatua za miguu yake. Akaishusha maikrofoni.

Akamtazama mama mkwe, kama mwanafunzi anavyomtazama mwenzake aliyesoma. Mama akamtikisia kichwa kumtia moyo.

"Waambie tu, baba," alisema. "Kwenye jema mtu hajifichi."