Matone ya Mama Jirani

Akai alikuwa hodari wa kuzungumza habari za chumvi. Ukimkusanyia akina mama chini ya turubai pale kwenye kambi ya wakimbizi ya Kakuma, na pakiti moja ya chumvi mkononi, aliweza kuwashika mpaka watoto wakasahau kulia. Aliwaeleza kwa nini shingo huvimba kwa goita, kwa nini mjamzito anayekosa madini ya ayodini humponza mtoto aliye tumboni, kwa nini chumvi ikae kwenye chombo chenye kifuniko na itiwe kwenye chakula kikiwa kimeshaiva. Shirika la lishe lililomwajiri lilimpenda. Lilimpa fulana yenye nembo, naye akaivaa hata kanisani, Mungu amsamehe.

Jambo moja tu lilimshinda. Hakuwa amepeleka hata punje ya chumvi hiyo kwa mama yake mzazi.

Mama huyo, Akidor, aliishi ng'ambo ya laga ya Tarach, ule mto wa msimu, karibu kiasi kwamba mbuzi wake walisikika ofisini upepo ukigeuka. Alikuwa mama wa Kiturkana wa sawasawa: ngozi kiunoni, kichwa kimenyolewa pembeni, na shanga shingoni safu juu ya safu, kutoka mabegani hadi chini ya taya, pamoja na pete ya chuma ya shingoni aliyovishwa na mumewe Lochakapong siku ya ndoa. Shanga hizo hazivuliwi ovyo. Mama akionekana bila shanga, watu huuliza amefiwa na nani hata kabla ya kumsalimu. Ndiyo maana Akai alikuwa amefika umri wa utu uzima bila kuiona shingo ya mama yake. Alichoona ni kwamba shanga zilikuwa zikipanda mwaka hadi mwaka, na safu ya juu sasa iligusa masikio. Alijua vizuri kilichokuwa kikizisukuma. Mtu anayefundisha habari za goita hawezi kusema hakujua.

Alijua, lakini aliona haya. Kumpeleka mama hospitali maana yake ni kupita naye mbele ya wenzake wote, yeye na fulana yake, mama na ngozi zake na harufu ya mafuta ya kondoo. Akawa anasema kesho, na kesho ikawa haifiki.

Kisha wakaja wageni kutoka Nairobi kuukagua mradi wa chumvi. Walikuwa wamesimama getini wakipiga picha pamoja na Akai na mwenzake Christelle, dada wa Kikongo aliyekuwa akitafsiri, wakati Akidor alipotokea na kibuyu cha maziwa. Alikuwa amesikia kuna wageni kwa mtoto wake, na mgeni hakai bila kunywa kitu.

"Ejok," aliwasalimu kwa Kiturkana, akacheka na wote.

Mgeni mmoja, mama mwenye miwani, akamtazama shingo. "Huyu ana goita kubwa sana," alisema. "Na anakaa hapa hapa getini? Mradi haujamfikia? Ni nani huyu?"

Wote wakamgeukia Akai. Ulimi ukamtangulia.

"Ni mama jirani tu," alisema.

Akidor alijua Kiswahili cha kutosha. Alikuwa ameuza kuni kambini miaka mingi, na hakuna mtu auzaye kuni kwa Wakongo na Warundi akabaki bila Kiswahili. Akaweka kibuyu chini, taratibu, kisiyumbe. "Maziwa hii ni ya wageni," alisema, akaondoka zake. Hakugeuka. Akai akainywa aibu yake pamoja na yale maziwa.

Mtu mwingine angekwenda jioni ile kuomba msamaha. Akai yeye alipanda gari la Lodwar kwenda kununua dawa. Wageni walikuwa wameahidi kurudi, naye aliona kwamba goita ikiondoka, neno lile alilolitamka litaondoka nayo.

Duka la dawa lilikuwa na aina mbili. Kulikuwa na vidonge vidogo vya kiwango cha chini, ambavyo mwuzaji alisema wajawazito hupewa kliniki ikiagiza. Na kulikuwa na kichupa cha matone makali, rangi ya damu iliyokauka.

"Haya hayatumiwi hivi hivi," mwuzaji alimwambia. "Tone moja tu lina ayodini nyingi kuliko inayotakiwa na mwili mwezi mzima. Mgonjwa amepimwa?"

"Amepimwa," Akai alisema.

"Daktari ndiye amesema matone?"

"Ndiye."

Alidanganya mara mbili bila kupepesa jicho. Alichagua kile kikali kwa sababu alikuwa na haraka.

Akidor hakuuliza mengi. Mtoto alikuwa amemletea dawa, basi ni dawa. Akai akamtilia matone kwenye uji, na uji ukageuka rangi ya wino. "Hiki ni chakula au ni kitu cha kupaka ukuta?" mama aliuliza, akanywa mpaka mwisho. Tangu siku ile akawa anakunywa asubuhi na jioni, na Akai, alipoona shanga hazishuki, akaongeza.

Mama akaanza kukonda. Hilo halikumshtua mtu, kwa kuwa mvua ilikuwa imekosekana na kila mtu alikuwa amekonda. Akaanza kutokwa jasho hata kivulini. Mikono ikatetemeka, akawa anamwaga maziwa akikamua, na usingizi ukamhama. Akai akajiambia dawa inafanya kazi. Kuna watu hata wakiona moshi husema ni ukungu, ili mradi wasilazimike kuinuka.

Mpaka siku moja asubuhi alipomkuta mama ameketi mlangoni, hasemi, na shanga zake zinatikisika. Hakukuwa na upepo. Mama mwenyewe alikuwa ametulia tuli. Akai akasogea, akaona kwamba ni moyo ndio uliokuwa ukizitikisa, unapiga mbio kama wa mnyama anayefukuzwa. Hapo ndipo hofu ilipoishinda haya. Kituo cha afya kikawatuma hospitali ya Lodwar siku ile ile.

Daktari aliyewapokea aliitwa Ereng, Mturkana wa upande wa Lokitaung, mtu mpole mwenye macho ya uchovu. Alimsalimu Akidor kwa Kiturkana na kumshika mkono kwanza, kisha akashika kifundo cha mkono huo akisikiliza mapigo. Uso wake ukabadilika.

"Na huyu aliyekuleta ni nani wako?" aliuliza.

Akidor alimtazama Akai, akaitazama ile fulana, akaangalia wauguzi waliokuwa wakiingia na kutoka.

"Ni jirani," alisema. "Mtu mwema. Amenisindikiza."

Akai alihisi masikio yanawaka. Mama hakulisema kwa uchungu. Alilisema kama mama anavyomfunika mtoto nguo asionekane na watu, na hilo ndilo lililouma.

"Mama, umekuwa ukitumia dawa gani?" daktari aliuliza.

"Mizizi. Nimechimba mwenyewe."

"Mizizi peke yake?"

"Sisi watu wa porini, daktari, tuna dawa gani nyingine?"

Ereng akamgeukia Akai. "Afadhali nyinyi wa lishe mnawafikia wazee hawa. Sasa nisaidie. Damu tutaipima, lakini majibu yatachelewa, na moyo huu hauwezi kungoja. Goita kama hii hukaa miaka mingi bila kelele. Kuna kitu kimeiamsha, na nisipokijua naweza kuanza na dawa isiyofaa. Nikikosea, mama huyu anaweza kutuponyoka. Hakuna kitu chochote alichopewa?"

Mama akamtazama Akai na kutikisa kichwa kidogo sana, kumwambia anyamaze. Alikuwa radhi afe na mizizi yake ya uongo kuliko mtoto aaibike mbele ya watu wa hospitali. Akai akalielewa hilo. Akaingiza mkono mkobani, akakitoa kile kichupa, akakiweka mezani.

"Ni mimi niliyempa," alisema. "Kwenye uji. Na nikaongeza."

Ereng akakisoma kichupa.

"Nani aliyeagiza?"

"Hakuna."

Daktari hakupaza sauti. Ingekuwa nafuu kama angepaza. "Wewe ni mtoto wa wafugaji?" aliuliza.

"Ndiyo."

"Mbuzi waliotoka kwenye kiangazi kirefu, ukiwaachilia siku moja kwenye majani mabichi, inakuwaje?"

"Wanavimba tumbo. Wanakufa."

"Basi. Tezi ya mama imekaa na njaa ya ayodini miaka yote hiyo, ikajikuza ili ipate kidogo kinachopita. Wewe ukaimwagia yote kwa mpigo. Sasa inafanya kazi bila kipimo, na moyo unaburutwa nyuma yake. Mtu mzima mwenye goita ya zamani hapewi matone haya kabla ya kupimwa. Chumvi ya kawaida yenye ayodini tangu zamani ingetosha kuikinga." Akaitazama ile fulana yenye nembo. "Chumvi si ndiyo kazi yenu?"

Akai akasema ndiyo. Sauti ilitoka ndogo.

Kukawa na jambo jingine. Daktari alitaka kuipapasa shingo, na mashine ya moyo ilitaka kifua kitupu. Muuguzi akasema shanga zivuliwe.

"Mume wangu yuko hai," Akidor alisema, na mara hii hakuwa mpole. "Yuko na ngamia Lokitaung. Nivue shanga ili watu wamzike akiwa anatembea?"

Ereng, aliyezaliwa huko huko, hakubishana. Alisubiri. Akai alitamani kusema kitu, lakini neno lake lilikuwa halina uzito tena katika chumba kile, na alijua.

Mwisho mama akavuta pumzi. "Nitavua," alisema. "Lakini wodini wamejaa watu wetu, na habari itafika Lokitaung kabla ya gari. Wewe utakaa kando ya kitanda changu. Kila atakayeuliza nani amekufa, utamjibu. Na utamwambia kwa nini nimevua."

Akai alizivua kwa mikono yake mwenyewe, safu baada ya safu, zikiwa nzito na zenye mafuta. Kisha akaiona shingo ya mama yake. Ilikuwa na ngozi laini, nyeupe kuliko ya uso, ngozi ambayo jua halijaigusa tangu ujana, na katikati uvimbe mkubwa kama kibuyu kidogo, umepinda upande mmoja. Ulikuwa mkubwa kuliko picha yoyote aliyowahi kuwaonyesha akina mama wa kambini. Akainamisha uso. Aliona haya kuliko siku ya getini, maana siku ile alimwonea haya mama, na sasa alijionea haya yeye.

Wakampa Akidor dawa ya kutuliza moyo, wakasema matone yasimkaribie tena. Na kweli watu wakaja. Mama mmoja wa kitanda cha tatu alifika kwanza, ameshaweka mkono kichwani tayari kwa kilio.

"Nani amekufa kwenu?"

"Hakuna," Akai alisema. "Ni mgonjwa tu."

"Mwambie vizuri," Akidor alisema, macho yamefumbwa.

Akai akamgeukia yule mama. "Nilimpa dawa kali ya ayodini bila kupimwa. Nilikuwa na haraka. Imemharibia moyo."

Mama yule akafyonza, akaenda kuwaambia wengine, nao wakaja mmoja mmoja kuuliza upya kile walichokwisha kuambiwa. Wengine walimpa pole. Wengine walimkaripia, na mmoja alimwuliza kama shule huwa inafundisha au inaondoa akili. Mwingine akainama na kumwuliza kwa sauti ya chini kama mkaza mwanawe mjamzito aache vile vidonge alivyopewa kliniki. Akai akamwambia asiache, vile vimepimwa kwa ajili yake, ila asiongeze kitu cha dukani juu yake. Alikuwa amevaa ile fulana wakati wote, kwa kuwa hakubeba nguo nyingine. Siku ya pili aliigeuza, nembo ikaenda ndani.

Siku hiyo ya pili ndipo Christelle alipokuja. Alikuwa Lodwar kwa mkutano, akasikia Akai yuko wodini. Alisimama mwisho wa kitanda, akamtazama mgonjwa, akatazama shanga zilizokuwa mapajani mwa Akai.

"Pole, dada," alisema. "Huyu njo ule mama jirani yako? Ule wa maziwa? Miye najua mama ya Turkana hatoi shanga bure. Nani alikufa?"

Akai angeweza kusema hakuna aliyekufa, ikaishia hapo. Christelle hakuwa Mturkana, habari yake isingefika Lokitaung. Ingefika ofisini tu. Mama alikuwa amefumba macho na hakumwambia aseme vizuri. Mara hii alimwachia mwenyewe.

"Hakuna aliyekufa," Akai alisema. "Huyu si jirani, Christelle. Ni mama yangu. Ndiye aliyenizaa. Siku ile getini nilimkana mbele yenu, na aibu hiyo ndiyo iliyonituma kununua dawa iliyomlaza hapa."

Christelle akavuta kiti, akaketi, akamshika bega. Akai alilia bila sauti, shanga zikilowa mapajani, na hakujifuta.

Kitandani, Akidor akafumbua macho. Mkono wake bado ulitetemeka kidogo alipounyoosha kuelekea kikombe kilichokuwa kitupu. Akazungumza Kiswahili, ili mgeni naye asikie.

"Sawa," alisema. "Sasa wewe, jirani, letea mimi maji."

Akai akainuka na kikombe, akaenda kuleta.